Askari wa Pale Darajani

Vita vya tarehe 27 Agosti 1896, ambavyo watembeza wageni hupenda kuvisimulia pale Forodhani, Unguja, kuwa ndivyo vifupi kuliko vyote duniani, vilichukua dakika 38 kwa hesabu inayotajwa sana. Manowari za Waingereza zilianza kulipiga kasri baada tu ya saa tatu asubuhi, na saa nne haijagonga Sultani Khalid bin Barghash alikwishakimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Hapo mgeni hupiga picha na hadithi ikaisha. Haambiwi kwamba wakati mizinga ikinguruma maduka ya Wahindi yalivunjwa na kuporwa, kwamba watu wapatao 20 waliuawa katika uporaji huo, na kwamba ilibidi waletwe askari 150 wa Kisingasinga kutoka Mombasa waje kuzunguka mitaani. Vita vyenyewe havikufika saa moja. Kuutuliza mji ilikuwa kazi nyengine, na watu wa kuifanya walitoka ng'ambo ya bahari.

Tangu hapo, kwa kadiri ya ninayoyajua, kila vita vilipotugusa jambo hili lilijirudia: mwenye dhamana ya kulinda hatoshi, hajui aliko, au hajui yuko upande wa nani. Mimi nimeyaona haya kutoka mahali pamoja tu, Darajani, na sidai kuyajua ya kwengine.

Darajani ni mshono. Upande mmoja uko Mji Mkongwe na nyumba zake za mawe. Upande wa pili ndiyo Ng'ambo, ambayo zamani ilikuwa ya udongo na makuti. Katikati palikuwa na hori, maji yakijaa na kupwa, na daraja lililovuka hori hilo ndilo lililopapa mahali jina. Hori lilifukiwa kidogo kidogo mpaka likawa ardhi kavu na barabara, Creek Road ya Waingereza, leo Barabara ya Benjamin Mkapa. Soko lilijengwa mwaka 1904. Anayetaka kujua kama mji umelala salama hana haja ya kwenda kuuliza Ziwani kwa wakubwa wa polisi. Asimame penye mnada wa samaki alfajiri ahesabu waliokuja.

Nilizaliwa Vikokotoni, kuvuka barabara tu, na baba yangu alikuwa dalali wa samaki pale sokoni. Askari wa Darajani nimewajua kabla ya kuijua alifu. Wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa Mnyasa, mtu mrefu mwenye kaptura ya kaki iliyonyooshwa ikasimama wima, rungu kiunoni, bunduki hana. Tulimwita Bwana Konstebo kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazee wake. Alinunua vichwa vya nguru kwa baba, akalipa, jambo ambalo baba alilitaja mara nyingi baadaye akiwalinganisha na waliokuja nyuma yake. Wezi wa soko aliwajua kwa majina ya mama zao. Kijana akichomoa kitu kikapuni mwa mtu, Bwana Konstebo hakumfukuza mbio. Alikwenda polepole mpaka Kikwajuni au Miembeni, akapiga hodi, akakaa barazani, akangoja. Mama mtu akikuta askari barazani pake, kitu kilirudi siku hiyohiyo na mtoto alikiona cha mtema kuni.

Waingereza walipenda askari asiye na shangazi katika mtaa anaoulinda. Ndiyo maana polisi wengi wa kawaida walikuwa watu wa Tanganyika, Kenya na Nyasa. Fikra yenyewe si ngumu: mtu asiye na jamaa hatamwonea mtu haya. Lakini mtu akikaa miaka kumi sokoni huota mizizi, akiwa na jamaa au hana. Bwana Konstebo alikuja mgeni akageuka kuwa mtu wetu, na hesabu hiyo haikuwamo katika daftari la mkubwa yeyote, wa Kiingereza wala wa baadaye.

Nimetaja daftari. Bibi yangu alikuwa akisema kuwa vita vya Hitla vilifika Darajani ndani ya gunia la mchele. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 mchele ulikatika, maana mwingi wa tuliokula ulitoka huko. Serikali ikaanza kugawa chakula kwa kipimo, na kipimo chenyewe kilifuata kabila: Waarabu na Wahindi walihesabiwa kuwa walaji mchele, Waafrika wakaambiwa unga na muhogo unawatosha. Bibi alifika dukani akaulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa ana watoto wangapi. Akasema Mshirazi. Karani akamtazama, askari wa mlangoni akamtazama, na nyuma yake foleni nzima ikajifunza Ushirazi papo hapo. Bibi alikuwa akicheka mpaka machozi akifika hapo. Mimi nikiwa mtoto nilicheka naye. Leo namfikiria yule askari wa mlangoni. Amewekwa kulinda mchele, kumbe analinda orodha ya nani ni nani, na hana njia ya kujua kama bibi kizee aliyesimama mbele yake anasema kweli. Sheria za vita huwa hivyo. Mtu anatumwa kukamata kosa ambalo juzi halikuwa kosa, kwa watu ambao juzi walikuwa wateja.

Miaka 19 baadaye orodha ile ilitoka madukani ikaingia katika vituo vya kura. Uchaguzi wa Januari 1961 ulitoka suluhu, ukaitishwa mwengine tarehe 1 Juni. Chama cha Hizbu kilipata viti 10, cha Afro-Shirazi viti 10, na cha ZPPP viti 3 ambavyo viliungana na Hizbu. Kabla ya viti kujulikana mawe yalikwishaanza kuruka mjini, Gulioni ikitajwa kwanza, kila upande ukiulaumu mwengine kwa kupiga kura za wizi. Wazee wakaviita vita vya mawe. Baba alinifungia ndani, kwa hiyo niliyoyaona ni ya dirishani: watu wakikimbia kuelekea darajani, kisha watu walewale wakirudi mbio. Macho ya serikali yote yalikuwa mjini, na mji ulishikwa. Mauaji yakahamia mashamba, ambako askari walikuwa wachache, njia mbaya, na nyumba ya Mwarabu mwenye duka iko peke yake katikati ya mikarafuu. Waliokufa walikuwa 68, karibu wote Waarabu. Ikabidi waletwe wanajeshi wa King's African Rifles (KAR) kutoka Kenya. Kwa mara nyengine utulivu uliletwa kutoka nje.

Nafika kwenye mwaka 1963, na hapa sitakwenda haraka.

Tarehe 10 Desemba tulipata uhuru. Nchi haikuwa na jeshi. Wanajeshi waliowekwa tangu machafuko ya 1961 walikuwa wamekwishaondoka, na kilichobaki kulinda dola nzima kilikuwa ni polisi. Serikali ya Muhammad Shamte iliwatazama polisi hao ikaona wengi ni watu wa bara, na watu wa bara, kwa mawazo ya wakati ule, walikuwa wa Afro-Shirazi. Ikaanza kuwaondoa. Walivuliwa sare, na wengi wao wakabaki papa hapa, wamepanga vyumba Ng'ambo, hawana kazi, hawana nauli. Bwana Konstebo alikuwamo. Alipokuja kumuaga baba hakuwa na kaptura yake, alivaa suruali ya kahawia na shati la mikono mirefu, na mimi kwanza sikumjua.

“Mzee, mimi sasa raia tu,” alimwambia baba.

“Utarudi kwenu?”

“Kwetu wapi, bwana? Nimetoka huko kijana.”

Baba akamfungia samaki mzima, si kichwa, akakataa fedha. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, watu wenye mapanga, mikuki na pinde waliivamia Ziwani na kambi ya polisi ya Mtoni. Bunduki hawakuwa nazo. Bunduki ndizo walizozifuata, na zilikuwa ghalani. Miongoni mwao walikuwamo askari waliofukuzwa, ambao walijua ghala liko wapi, mlango wake unafunguka vipi na zamu inabadilika saa ngapi. Sare huvuliwa mtu mwilini. Hayo mengine mtu huondoka nayo.

Kituo cha Malindi ndicho kilichojitahidi kuliko vyote. Kiko hatua chache kutoka sokoni, kinatazama bandari, na Kamishna wa Polisi, Mwingereza aitwaye J. M. Sullivan, alikishikilia na askari wake mpaka alasiri ndipo wakatoka kuelekea gatini na kupanda chombo. Sultani Jamshid alikwishaondoka kwa meli. Serikali iliomba msaada kwa Waingereza na kwa majirani, hakuja mtu.

Watu wamebishana miaka 60 juu ya nani aliyapanga Mapinduzi, na ubishi huo una wenyewe. Mimi nalitazama jambo dogo zaidi. Jeshi la polisi lililopaswa kupigana usiku ule lilikuwa limepunguzwa na serikali ileile lililotakiwa kuilinda. Waliobaki hawakujua kesho ni zamu ya nani kufukuzwa. Nimesoma lawama nyingi kwamba polisi walishindwa, na kila mara najiuliza mtu anapiganaje vizuri kwa ajili ya mkono ulioshika barua yake ya kufukuzwa.

Bwana Konstebo je? Wapo waliosema walimwona Raha Leo na bunduki begani. Wapo walioapa kuwa alikwishavuka kwenda Dar es Salaam kabla ya mwaka mpya. Baba hakutaka kusikia la upande wowote.

Wiki zilizofuata hapakuwa na mtu Darajani aliyeweza kusema kwa yakini askari ni nani. Sare zilivaliwa na waliozikuta. Vijana niliowajua kwa kuuza maji ya madafu walikuwa na bunduki za polisi, nyengine hawajui kuzifunga, na kwenye redio sauti ya John Okello, kiongozi wa waliovamia, ilikuwa ikitoa amri na vitisho vya adhabu ambazo hata mtoto wa umri wangu aliona haziwezekani, akaogopa vilevile. Maduka yaliporwa. Watu waliuawa kwa wingi, idadi yao bado inabishaniwa, na katika mtaa wetu baadhi ya nyumba zilikuwa na watu Jumamosi na zikawa hazina Jumatatu. Katika siku hizo nilijifunza tofauti ya mtu mwenye bunduki na askari. Mwenye bunduki alipita sokoni akachukua samaki. Hakulipa. Wala hakuulizwa, kwa sababu wa kumuuliza alikuwa nani?

Rais Nyerere alileta polisi kutoka Tanganyika kusaidia. Msaada huo ulikuwa na gharama ambayo watu wa Unguja hawaikumbuki sana: tarehe 20 Januari wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, na Dar es Salaam ikakutwa na upungufu wa polisi kwa sababu wengine walikuwa huku kwetu. Rais Karume akamteua Edington Kisasi kuwa Kamishna wa Polisi. Bunduki zikaanza kukusanywa. Ilipofika Machi Okello hakuwa tena na nafasi visiwani, na ulipokuja Muungano wa tarehe 26 Aprili polisi wakawa jambo la Muungano, kama walivyo mpaka leo. Soko likafunguliwa. Askari mpya wa Darajani alikuwa kijana mpole, lakini hakujua jina la mama wa mtu yeyote.

Vita vya Kagera vilinikuta mtu mzima, mwalimu wa skuli, nina mke na mtoto mmoja. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba tulimsikia Nyerere kwenye redio: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Redio ya muuza kahawa wa Darajani ilizungukwa na watu mpaka magari yakashindwa kupita. Kisha vijana wakaanza kuondoka. Jeshi lilivimba kwa mgambo waliochukuliwa kwa maelfu, na pamoja nao wakapelekwa askari wa polisi na wa magereza. Kila askari aliyepanda boti aliacha lindo tupu, na malindo matupu yalijazwa na watu kama mimi.

Nilipewa rungu, kitambaa cha mkononi na mafunzo ya jioni, gwaride zaidi kuliko sheria. Kazi yangu ilikuwa foleni. Anayewafikiria polisi wa wakati wa vita huwaza majasusi na mabomu. Mimi nilisimamia sukari. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ivunjike na mpaka wa Kenya ufungwe mwaka 1977 vitu vilikuwa vimeadimika, na vita vikamaliza vilivyobaki. Ikitangazwa kuwa duka fulani limeletewa sukari au sabuni, watu walikuja usiku kushika nafasi, na kwa kuwa binadamu lazima alale, nafasi zilishikwa na vitu: kikapu, tofali, jiwe, kopo lenye kamba. Alfajiri nilikuta foleni ya mawe. Wenye mawe wakifika ndipo kesi zilipoanza. Jiwe la nani lilikuwa mbele ya kopo la nani? Nani amelisogeza? Hakuna kifungu cha sheria kilichonifundisha kuhukumu jiwe, na nilihukumu mengi.

Ugumu wangu mkubwa haukuwa mawe. Asubuhi moja bibi mmoja aliingia mbele ya watu wote na ukaya wake, nikamzuia kwa rungu, kwa adabu.

“Wewe si mtoto wa dalali?”

“Ndiyo, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Baba hajambo? Haya, nipishe.”

Nikampisha. Foleni ikaguna, akatokea bwana mmoja akauliza kwa sauti kama sheria ya vita ina wajomba. Alikuwa na haki. Askari wa Waingereza hakuwa na shangazi mtaani. Mimi nilikuwa na mashangazi kumi na wawili, wote wanakunywa chai na sukari. Nikatambua kwa nini Waingereza walifanya walivyofanya, na kutambua huko hakukunifurahisha.

Magendo yalikuwa mtihani mwengine. Karafuu ziliondoka usiku kwa mashua kwenda Kenya na sabuni, nguo na mafuta vikarudi. Baharini kilikuwako Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM. Lakini kilichowapita KMKM kilifika Darajani, kimefichwa ndani ya kanga za akina mama waliokaa na mafungu ya tungule mbele yao. Ulinunua tungule, ukanong'ona, ukapewa kipande cha sabuni ndani ya karatasi. Askari wa polisi niliyekuwa nikilinda naye, mtu wa Makunduchi, aliujua mchezo wote. Siku moja mkubwa alipita akamuuliza mbona hakamati mtu. Alipoondoka, mwenzangu akanigeukia.

“Mwalimu, shati lako limefuliwa na nini?”

Lilikuwa na harufu ya sabuni ya Kenya. Na lake pia. Nyerere alikuja kutuomba, vita vilipokwisha, tufunge mikanda kwa miezi 18, na mikanda ikafungwa miaka mingi zaidi ya hapo, na muda wote huo sheria ilimtaka askari mwenye mshahara uleule na njaa ileile amkamate jirani kwa bidhaa aliyoitumia yeye mwenyewe asubuhi. Wengine walikamata, na wengi wa waliokamata walikamata wasiojuana nao. Wengine walifumba macho bure. Wengine, na hawa ndio walioongezeka, waligundua kuwa kufumba macho kuna bei. Nikiulizwa rushwa ya polisi wetu ilianza lini sitasema ilianza na vita, ilikuwako. Lakini nilisimama mahali ambapo niliiona ikikua, na iliota pale ambapo sheria ilidai kitu ambacho tumbo halikuweza kukitoa.

Na uvumi! Amin ana ndege, Amin ana watu wake visiwani, fulani ana redio inayoongea na Kampala. Usiku mmoja tuliitwa kwa sababu taa zimeonekana baharini zinaashiria adui. Kituo hakikuwa na petroli. Tukaenda kwa miguu mpaka Malindi, watu wanne na marungu matatu, tukangoja. Alfajiri adui akatia nanga. Walikuwa wavuvi wa dagaa na karabai zao, wakatuuliza kama tunataka dagaa. Aliyetoa taarifa hakufanyiwa lolote, maana siku zile kumkemea mtoa taarifa kulikuwa na hatari yake. Ndipo baadhi ya watu walipojifunza kumaliza ugomvi wa mipaka ya viwanja kwa kupeleka jina la jirani mahali. Bwana Konstebo angekwenda kukaa barazani kwa mtoa taarifa. Sisi tuliandika.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979 na mji ukaporwa, kama ulivyoporwa wetu mwaka 1896. Tanzania ikapeleka polisi wake kusaidia kulinda Uganda wakati huku nyumbani malindo bado yana mgambo. Wanajeshi waliporudi walirudi na redio za kaseti na heshima waliyoistahili, na bara zikarudi pia bunduki zisizo na hesabu. Ujambazi wa silaha na wizi wa ng'ombe ukawazidi polisi kule Shinyanga na Tabora, hata wananchi wenyewe wakaunda Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sisi wa Unguja tulisalimika na hilo, bahari ikatusaidia. Mimi nilirudisha rungu, nikapewa barua ya shukrani iliyokosewa jina langu.

Leo Darajani huijui. Kuna maduka mapya yenye vioo, kituo cha daladala kimehamishwa, na mtaani watalii wanapita makundi kwa makundi wakinusa mdalasini. Kuna kamera juu ya nguzo. Kuna askari wa utalii wanaosalimia kwa lugha tatu. Mwizi akimchomolea mtu pochi, picha yake ipo, na mara nyingi anakamatwa upesi kuliko zamani. Sina ugomvi na kamera. Ipo pia polisi jamii, ambayo katika semina huelezwa kuwa mpango mpya wa askari kukaa karibu na wananchi. Nimehudhuria semina moja. Kijana aliyetufundisha alikuwa na slaidi nzuri, na kwenye slaidi ya nne palikuwa na mchoro wa askari amekaa barazani na mama mtu mzima. Nikamwambia jirani yangu kuwa yule namjua. Akafikiri nimeanza kuzeeka.

Vita vya nje hatujaviona tena, alhamdulillahi. Tumekuwa na uchaguzi. Najua uchaguzi si vita, lakini Januari 2001, katika maandamano yaliyofuata uchaguzi wa 2000, watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao Pemba, askari naye akiwamo, na watu wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Tangu hapo kila miaka mitano Darajani hujiandaa kama inayongoja manowari. Wiki moja kabla, wenye maduka huanza kupunguza bidhaa. Akina mama hununua mchele wa siku kumi. Madereva hutafuta sababu za kwenda shamba. Magari ya Kikosi cha Kutuliza Ghasia hupita polepole, na nyuma wamekaa vijana wenye kofia ngumu wanaotazama soko kama watu wanaotafuta kitu walichoelezwa lakini hawajawahi kukiona. Wengine ni wa vikosi vya hapa. Wengine huletwa kutoka bara kuongeza nguvu, hukaa majuma machache, hurudi. Hakuna anayewaeleza kuwa aliyekaa kwenye meza ile ni mtoto wa nani.

Uchaguzi mmoja wa karibuni nilishuka asubuhi kununua boflo, barabara nyeupe kabisa, nikakuta kijana mmoja wa aina hiyo amesimama kwenye kona na bunduki yake, jasho linamtiririka ndani ya ile kofia. Lafudhi yake ilikuwa ya Kanda ya Ziwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, baba.”

“Samahani, Vikokotoni ni wapi? Nimeambiwa nikalinde Vikokotoni.”

Nikamwonesha kwa kidole: avuke barabara hii tu, pale penye mlango wa kijani ndipo panapoanzia. Akatazama kidole changu, akatazama mlango, akatazama kanzu yangu. Akanishukuru kwa heshima zote, kisha akaenda kumuuliza mtu mwengine.